Nafasi ya Homoni katika Haipaplasia ya Stroma ya Titi Inayofanana na Mishipa ya Damu

Uvimbe mwingi wa titi si saratani. Ulio maarufu zaidi ni fibroadenoma pamoja na vifuko vya majimaji. Makala haya yanajadili uvimbe usiofahamika sana, yaani haipaplasia ya stroma inayofanana na mishipa ya damu. Stroma ni tishu unganishi inayoshikilia tezi na mirija ya maziwa. Hali hii ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1986 na Vuitch, Rosen na Erlandson, waliochunguza wagonjwa 9.

Chini ya hadubini, stroma huonekana imeongezeka na kujaa kolajeni. Ndani yake hutokea nyufa nyembamba zilizoungana, ambazo kingo zake zina seli bapa. Nyufa hizo hufanana na mishipa ya damu, lakini kwa kawaida hazina damu ndani yake, na seli zake ni miofibroblasti. Mfanano huo ndio chanzo cha hatari, kwa kuwa mwanapatholojia anaweza kuudhania uvimbe huu kuwa angiosakoma, ambayo ni saratani kali ya mishipa ya damu. Kosa la namna hiyo laweza kumfanya mwanamke akatwe titi pasipo sababu. Vipimo vya protini husaidia kutofautisha: seli za haipaplasia hii huonesha CD34 lakini hazioneshi CD31, ambayo ni alama ya seli za mishipa.

Dhana ya kwamba homoni ndizo chanzo inajengwa juu ya mambo matatu. Kwanza, wengi wa wagonjwa ni wanawake ambao hawajakoma hedhi, na miongoni mwa waliokoma, baadhi hutumia dawa za homoni. Pili, hali hii huonekana pia kwa wanaume, hususan wenye matiti yaliyokua kupita kawaida kutokana na kutowiana kwa homoni. Tatu, seli za stroma hiyo mara nyingi huwa na vipokezi vya projesteroni.

Utaratibu unaopendekezwa ni kwamba estrojeni huziandaa seli kwa kuongeza vipokezi vya projesteroni, kisha projesteroni huzichochea kuzaliana na kutengeneza kolajeni. Kwa mtazamo huu, uvimbe huo ni mwitikio uliopindukia wa mabadiliko ambayo titi hupitia katika kila mzunguko wa hedhi.

Hata hivyo, kuwepo kwa vipokezi hakutoshi kuthibitisha chanzo. Vipokezi havionekani katika kila uvimbe wa aina hii, na wanawake wote wenye mzunguko wa hedhi hupata homoni hizo, ilhali wachache tu ndio huota uvimbe unaopapasika. Kwa hiyo homoni zinafaa kuchukuliwa kuwa kichocheo, si maelezo kamili.

Tofauti hiyo ina uzito katika tiba. Tamoksifeni, dawa inayozuia estrojeni, imewahi kupunguza uvimbe kwa wagonjwa wachache, lakini madhara yake hayairuhusu kuwa tiba ya kawaida. Pale ambapo sampuli ya tishu imethibitisha hali hii na picha za titi zikakubaliana na matokeo hayo, ufuatiliaji hutosha. Uvimbe unaokua au kuleta maumivu huondolewa kwa upasuaji, na mgonjwa huendelea kuchunguzwa kwa kuwa unaweza kurudi.