Mwembe na Mkorosho: Ulinganishi wa Mimea ya Ukoo Mmoja

Ulinganishi ni njia bora ya kufundishia sayansi, lakini una sharti lake: sehemu zinazolinganishwa ziwe zinalingana kwa asili. Sharti hilo lisipotimizwa, orodha ndefu ya tofauti ubaoni haimfaidii mwanafunzi. Mfano mzuri ni mwembe na mkorosho.

Miti hii ni ya ukoo mmoja, uitwao Anakardiase. Mwaka 1753 Linnaeus aliipa majina yake ya kisayansi: Mangifera indica na Anacardium occidentale. Asili ya mwembe ni kusini mwa Asia; mkorosho ulitoka Brazili, ukaletwa pwani yetu na Wareno katika karne ya 16. Mwalimu wa Lizaboni, mjini Songea, hatapata taabu kuonyesha mwembe. Korosho zenye maganda yafaa aziagize Tunduru, kwa kuwa zao hilo hupenda nchi ya joto iliyo chini kuliko Songea.

Ni rahisi mwanafunzi kulinganisha embe na bibo, maana yote mawili yana maji na huliwa. Kutokana na hayo atahitimisha kwamba korosho ni mbegu iliyochomoza nje ya tunda. Sivyo. Bibo ni kikonyo kilichovimba. Tunda lenyewe ni korosho pamoja na ganda lake. Korosho hutangulia kukua, ndipo kikonyo kinapovimba. Kwa hiyo bibo lilinganishwe na kikonyo cha embe, na korosho nzima ilinganishwe na embe zima.

Mwalimu apasue embe, kisha wanafunzi wachore tabaka zake: ngozi, nyama, kokwa gumu na kiini. Kando ya mchoro huo yeye achore ubaoni korosho iliyopasuliwa, na aulize: penye nyama tamu ya embe, korosho ina nini? Ina tabaka kama sifongo, lililojaa mafuta makali. Ndani yake mna tabaka gumu, halafu kiini tukilacho.

Jibu hilo si la mtihani tu. Mafuta hayo huunguza ngozi na midomo, na moshi wake huumiza macho na koo. Mtoto anayedhani korosho ni mbegu tupu huweza kuivunja kwa meno. Anayejua muundo wake hatathubutu. Kwa sababu hiyo korosho zenye maganda zitazamwe tu, zisipasuliwe wala kuchomwa darasani. Wanafunzi waelezwe pia kwamba utomvu utokao kikonyo cha embe kinapokatwa una kemikali za jamii hiyohiyo, nao huwatoa baadhi ya watu vipele mdomoni. Viwandani, mafuta ya ganda la korosho hutumika kutengenezea rangi na vifaa vya breki.

Mwisho wa somo, mwalimu asiulize, "Taja tofauti tano." Aulize, "Ni sehemu ipi ya korosho inayolingana na nyama ya embe, nawe wajuaje?" Atakayejibu kwa sababu ameelewa.