Fimbo Inayokubali Kupinda: Kuchagua Kifaa cha Kurushia Samaki Bandia Katika Bonde la Rukwa

Galula ni kata ya Wilaya ya Songwe, mkoani Songwe, katika tambarare ambamo Mto Songwe unapita ukielekea Ziwa Rukwa, nao ni mto tofauti na ule Songwe mwingine unaochora mpaka wa Tanzania na Malawi na kuishia Ziwa Nyasa. Ziwa Rukwa halina mto unaotoka ndani yake, hivyo maji yanayoingia huondoka kwa kukauka juani na kuacha magadi nyuma; kina chake ni kifupi, na tope linaloletwa na mito huyafanya maji yawe mazito machoni kwa sehemu kubwa ya mwaka. Uvuvi wa riziki wa huko ni wa nyavu na ndoana za kutega, unaowalenga gege na kambale, lakini mtu anayetaka kuvua kwa fimbo, kwa kurusha na kuvuta, anakutana na swali ambalo wauzaji wengi hulijibu vibaya: fimbo bora ni ipi?

Jibu linategemea kitu kinachorushwa. Samaki bandia anayezungumziwa hapa, ambaye wavuvi wa burudani humwita krenkibeti, ni kipande cha plastiki ngumu au mti mwepesi chenye umbo la samaki mdogo mnene, na chini ya mdomo wake pamefungwa kibao kilichoinama ambacho, uzi ukivutwa, husukumwa na maji na kumfanya azame huku akitikisika kushoto na kulia. Tumboni na mkiani huning'inia ndoana za meno matatu. Wazo la kumwiga samaki anayeyumba lina historia ndefu, na mmoja wa waliolitangaza zaidi ni mvuvi wa Finland, Lauri Rapala, ambaye mwaka 1936 alianza kuchonga samaki bandia kwa mkono kwa ajili ya riziki yake, si kwa mchezo. Krenkibeti wa leo, hata hivyo, ametengenezwa zaidi kwa ajili ya besi mwenye mdomo mpana wa Marekani, samaki ambaye Afrika Mashariki anajulikana hasa katika Ziwa Naivasha, Kenya, alikopandikizwa mwaka 1929.

Katika Rukwa anayelengwa ni kambale, na jambo hili hubadilisha mengi katika ushauri uliozoeleka kwingineko. Kambale hategemei sana macho. Ana sharubu zinazopapasa na kuonja, na mwili wake huhisi mitetemo ya maji, kwa hiyo mtikisiko wa krenkibeti anayevutwa polepole karibu na tope humfikia hata pale ambapo rangi ya samaki bandia haionekani kabisa. Afrika Kusini wapo wavuvi wa burudani wanaomnasa kambale wa aina hiyo hiyo kwa njia hii.

Sifa mbili za fimbo huchanganywa mara nyingi, nazo ni nguvu na mpindo. Nguvu ni kiasi cha mzigo kinachohitajika ili fimbo ikubali kupinda, na hutajwa kwa daraja kama nyepesi, ya wastani au nzito. Mpindo ni mahali fimbo inapoanzia kupinda, ama karibu na ncha tu, ama hadi katikati, ama mpaka karibu na mpini. Fimbo inayopinda nchani pekee huitwa ya haraka, na ile inayopinda hadi katikati huitwa ya wastani. Fimbo mbili zinaweza kuwa na nguvu sawa na mpindo tofauti kabisa, na kwa krenkibeti mpindo ndio unaoamua zaidi.

Sababu yake iko katika namna samaki anavyoshika. Krenkibeti huvutwa bila kusimama, na samaki humfungulia kinywa na kumfyonza wakati uzi bado umekaza. Fimbo ngumu inayopinda nchani pekee humpokonya samaki chakula kabla kinywa hakijafungwa, ilhali ile inayopinda hadi katikati huchelewa kidogo, na kuchelewa huko ndiko kunakoziacha ndoana zigeuke na kushika. Tena, ndoana za meno matatu ni ndogo na nyembamba, hushika ngozi kidogo tu, na samaki anapotikisa kichwa, fimbo ngumu hupanua tundu mpaka ndoana ichomoke. Fimbo laini hufuata kila mtikiso na kuutuliza. Hata hivyo, kichwa cha kambale ni mfupa mtupu, na kambale mkubwa huzidi kilo 10, hivyo ulaini usifike mpaka kwenye mpini: nusu ya juu ipinde kwa wepesi, nusu ya chini ibaki na uti wa kumwinua samaki kutoka kwenye matete.

Hapa ndipo suala la malighafi linapoingia, na ndipo fedha nyingi hupotea bure. Fimbo za nyuzi za kioo, ambazo mafundi wa boti huziita faiba, zilienea baada ya Vita vya Pili vya Dunia na kuchukua nafasi ya mianzi. Katika miaka ya 1970 zikaja za kaboni, nyepesi zaidi na ngumu zaidi, na tangu hapo bei imefuata kaboni. Wepesi huo una faida ya kweli kwa anayehitaji kuhisi kila mguso, lakini kwa krenkibeti faiba haijapitwa na wakati, kwa kuwa hupinda taratibu kwa asili yake, na inapogongwa kwenye ukingo wa mtumbwi au kubanwa na mizigo ya basi huvumilia kuliko kaboni. Kwa mtu wa Galula, fimbo ya faiba, au ya mchanganyiko wa faiba na kaboni, ni chaguo la busara zaidi kuliko kaboni tupu ya bei kubwa. Isitoshe, kaboni hupitisha umeme. Chini ya nyaya za umeme na wakati wa ngurumo za masika hilo ni jambo la uhai.

Urefu wa mita 2.1 hivi unafaa. Krenkibeti hazami papo hapo. Huhitaji kuvutwa umbali fulani ndipo afikie kina chake, kwa hiyo kadiri anavyorushwa mbali ndivyo anavyofanya kazi kwa muda mrefu zaidi. Kwa Rukwa ipo sababu nyingine nzito: ziwa lina mamba na viboko, na fimbo ndefu humwezesha mvuvi kubaki nchi kavu, mbali na ukingo, bila kuingia majini ili kufikia samaki.

Juu ya mpini huandikwa uzito unaorushika, mara nyingi kwa wakia, na wakia moja ni gramu 28 na ushei. Krenkibeti wa maji mafupi, mwenye kibao kifupi, huwa kati ya gramu 7 na 20, hivyo fimbo iliyoandikwa robo hadi robo tatu ya wakia inatosha. Anayepiga mbizi ndefu huvuta kwa nguvu na kudai fimbo nzito zaidi, lakini kina cha Rukwa hakimhitaji.

Dukani, iwe Tunduma au Mbeya, mnunuzi amwombe mwenzake ashike ncha na kuivuta chini taratibu, huku yeye akitazama mpindo unakofika na kama unashuka kwa mviringo usiovunjika. Kisha apitishe pamba ndani ya kila pete inayopitisha uzi, kwa sababu pamba itakayonasa inaonyesha ufa ambao utaukata uzi. Fimbo ya vipande viwili husafiri vizuri zaidi, mradi kiungo chake kibane bila kucheza. Kati ya fimbo mbili zenye mpindo sawa, tofauti ya bei ilipwe kwa ajili ya pete ngumu na kitako imara cha rili, kile kifaa cha kukunjia uzi, si kwa ajili ya rangi wala jina la kaboni. Na baada ya kila siku ziwani pete hizo zioshwe kwa maji ya kisima, yasiyo na magadi, kabla tope halijakauka juu yake.