Wavutaji Wanaponyamaza

Mvutaji anapakua programu ya kumsaidia kuacha sigara, anaweka tarehe ya kuacha, na papo hapo kompyuta inampanga katika kundi moja kati ya mawili kwa bahati nasibu. Miezi mitatu baadaye anatumiwa swali: bado unavuta? Hakuna daktari wala karani aliyehusika.

Hivyo ndivyo watafiti wa University College London walivyoipima programu ya Smoke Free, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Kundi moja lilipata programu kamili, yenye kazi ndogo ya kutekeleza kila siku. Jingine lilipata programu hiyohiyo bila kazi hizo. Washiriki walikuwa 28,112. Kliniki gani ingewakusanya wote hao?

Lakini waliojibu walikuwa asilimia 8.5 tu ya kundi la kwanza, na 6.5 ya la pili. Ukiwahesabu waliojibu peke yao, asilimia 19.3 ya waliokuwa na programu kamili walisema wameacha, dhidi ya 13.8. Ukifuata kanuni iliyozoeleka katika tafiti za tumbaku, kwamba asiyejibu ahesabiwe bado anavuta, unapata 1.6 dhidi ya 0.9.

Kanuni hiyo ina busara yake, kwa sababu aliyeirudia sigara huona haya kusema. Ila hata aliyefaulu anaweza kuifuta programu, kwa kuwa haihitaji tena. Tena kuna jambo zito zaidi: kundi lenye kazi za kila siku ndilo lililojibu kwa wingi. Kila anayenyamaza akihesabiwa ameshindwa, basi programu inayojua kumshika mtumiaji itaonekana bora hata kama haijamwachisha mtu sigara. Kwangu mimi, hapo ndipo majaribio yanayojiendesha yanapohitaji kutazamwa kwa makini kuliko mahali pengine popote.

Kule Seattle, Marekani, kituo cha saratani cha Fred Hutchinson kiliilinganisha programu ya kuacha sigara ya iCanQuit na nyingine iitwayo QuitGuide kwa watu 2,415. Baada ya miezi 12, takriban asilimia 87 walijibu. Asilimia 28.2 ya kundi la iCanQuit walisema hawajavuta kwa siku 30, dhidi ya 21.1. Idadi ni ndogo, lakini walionyamaza ni wachache, nami nayaamini zaidi matokeo haya, ingawa nayo yanategemea kauli ya mvutaji mwenyewe.

Ningetaka wingi wa jaribio la kwanza uunganishwe na ufuatiliaji wa la pili. Mashine iwagawe maelfu. Kisha wachaguliwe mia chache kwa kura, wakiwemo walionyamaza, wapigiwe simu, na wanaodai wameacha wapimwe mate kutafuta kotinini, kemikali inayobaki mwilini baada ya nikotini kuvunjwa. Wanaotumia vibandiko au jojo za nikotini watahitaji kipimo cha pumzi badala yake, maana mate yao yatakuwa na kotinini vilevile.

Kazi hiyo inawezekana. Jaribio la txt2stop la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2011, lilipima huduma ya ujumbe mfupi wa simu kwa watu 5,800, na likathibitisha kwa mate. Baada ya miezi sita, walioacha walikuwa asilimia 10.7 ya waliopata huduma hiyo, dhidi ya 4.9 ya wasioipata.