Riwaya za Kikristo ni tamu, lakini si mwongozo wa kuvumilia mateso

WANAOLALAMIKA kwamba vijana wa siku hizi hawasomi huenda hawajawahi kuingia katika hosteli ya wasichana wiki moja baada ya mitihani. Utakuta kitabu kimoja kinachozunguka chumba hadi chumba. Jalada limechakaa, kona za kurasa zimekunjwa, na aliyekishika leo anajua kuna wengine wanne kwenye foleni. Asipomaliza kufikia Jumapili, atapigiwa kelele.

Mara nyingi kitabu chenyewe si cha masomo wala cha kufundisha jinsi ya kutajirika. Ni riwaya ya Kikristo. Kuna mwanadada aliyeumizwa na maisha, jamaa anayemcha Mungu, siri iliyofichwa miaka mingi, na pengine mtu anayewawinda gizani. Wazazi hawakikatazi kwa sababu nyuma ya jalada kumetajwa imani. Wasomaji hawakiachi kwa sababu saa nane za usiku bado hawajajua nani muuaji.

Hakuna ubaya hapo. Shida inaanza pale msomaji anapofunga kitabu na kutaka kuishi kama mhusika wake, hasa katika mapenzi.

Vilitoka wapi?

Nyingi ya riwaya hizi hutoka Marekani, ambako zina wachapishaji, maduka na tuzo zake. Janette Oke, mwandishi wa kutoka Canada, aliichangamsha sana biashara hiyo mnamo 1979 kwa kitabu Love Comes Softly. Ni kisa cha mjane mchanga anayekubali kuolewa na mwanamume asiyemjua ili apate pa kujisitiri wakati wa baridi kali.

Mwaka 1986 Frank Peretti alileta taharuki ya aina nyingine kwa This Present Darkness, ambapo malaika na mapepo wanapigana juu ya mji mdogo huku mchungaji na mwanahabari wakitafuta ukweli. Kisha 1995 Tim LaHaye na Jerry B. Jenkins wakaanza mfululizo wa Left Behind, vitabu 16 kuhusu siku za mwisho, ambavyo viliuza makumi ya mamilioni ya nakala.

Kwetu vimefika kwa njia nyingi. Kuna maduka ya vitabu vya Kikristo, kuna marafiki wanaoazimana, na kuna wale wauzaji wa vitabu kuukuu wanaotandaza bidhaa kando ya barabara za katikati mwa Nairobi, mpaka uiname ndipo uchague. Siku hizi wengine wanasoma kwenye simu, wakiwa ndani ya matatu, jamu ikiwa imekataa kusonga.

Kinachowavuta vijana kinaeleweka. Riwaya hizi huongea waziwazi kuhusu mambo ambayo kwenye ibada huguswa juu juu tu: kuachwa mataani, kumpenda asiye wa imani yako, aibu ya ulichofanya ukiwa na miaka 17, hasira dhidi ya Mungu baada ya kuzika mzazi. Mwandishi wake hawezi kutegemea matukio ya chumbani kumshika msomaji, kwa hivyo anategemea hamu, woga na maswali. Kijana anayeona haya kumuuliza kiongozi wa vijana swali fulani hulikuta limeulizwa na mhusika ukurasa wa 40.

Michael Hosea si kipimo cha mapenzi

Katika orodha ya vipendwa, Redeeming Love ya Francine Rivers hukosekana kwa nadra. Rivers alikuwa mwandishi wa riwaya za mapenzi za kawaida kabla ya kuokoka mnamo 1986. Kitabu hiki, kilichotoka 1991 na kutengenezewa filamu iliyoonyeshwa 2022, kinachukua habari ya nabii Hosea na mkewe Gomeri na kuihamishia California ya miaka ya 1850, wakati watu walikuwa wakikimbilia dhahabu.

Angel aliuzwa kwenye biashara ya ukahaba akiwa mtoto. Michael Hosea, mkulima mcha Mungu, anamtoa danguroni, anamwoa na kumpeleka shambani. Angel anatoroka. Michael anamfuata. Anatoroka tena. Michael bado anampenda.

Utalia, na ni sawa ulie. Lakini hebu tuulize: nani katika kisa hiki anamuumiza nani? Michael hampigi Angel. Hamtusi, hachukui pesa zake, hamfungii nyumbani. Anayesamehe ndiye mwenye nguvu, na anayesamehewa ni mtu aliyeharibiwa na watu wengine tangu utotoni.

Sasa chukua kisa hicho ukakiweke mtaani kwetu. Kipusa ana mchumba anayempiga makofi kila akilewa. Anapokagua simu yake na kukuta meseji ya mwanafunzi mwenzake, anamzaba tena. Kipusa huyo amesoma Redeeming Love mara mbili na anajiambia: Michael hakukata tamaa, mbona nikate mimi? Nikimpenda vya kutosha, nikimwombea vya kutosha, atabadilika. Rafiki zake wa kanisani wanaongeza, “Mama, shikilia tu, Mungu hashindwi.”

Hapo riwaya imesomwa kinyume. Michael anageuzwa kuwa sababu ya anayepigwa kubaki anapopigwa. Katika nchi ambayo Januari 27, 2024 maelfu ya watu walijitokeza barabarani, Nairobi na miji mingine, kupinga mauaji ya wanawake, huo si mjadala wa wapenzi wa fasihi pekee. Kuna wanaokufa wakisubiri ukurasa ambao mtu atabadilika.

Na hata kitabu chenyewe hakisemi hivyo. Ukisoma hadi mwisho bila kuruka, utaona kwamba kuokolewa na Michael hakukutosha. Angel anaondoka, anaishi San Francisco kwa miaka kadhaa, anajifunza kusimama kwa miguu yake, na anasaidia wasichana wengine kuepuka maisha aliyopitia yeye. Anaporudi, harudi kama mtu aliyebebwa. Amechagua. Wengi huikumbuka sehemu ya Michael kumfuata na kuisahau hii.

Paulina wa Nairobi

Anayetaka kisa kama hicho karibu na nyumbani amtafute Marjorie Oludhe Macgoye. Alizaliwa Uingereza, akaja Kenya mnamo 1954 kama mmishonari muuza vitabu, akaolewa Nyanza na kuwa Mkenya kwa kila hali. Riwaya yake Coming to Birth ilitoka 1986 na iliwahi kusomwa kama kitabu cha lazima katika shule zetu za upili.

Paulina anawasili Nairobi mnamo 1956, msichana wa miaka 16, kuishi na mumewe Martin. Anapotea mjini, na anapofika hatimaye nyumbani anapokelewa kwa kipigo. Macgoye, aliyekuwa Mkristo wa dhati, hamwambii Paulina avumilie tu hadi Martin aone nuru. Anamwacha ajifunze kazi ya mikono, apate mshahara wake, aishi mbali, apoteze, alie, akue. Martin na Paulina wanapokuja kuishi pamoja tena baada ya miaka, si bwana na mtoto tena. Ni watu wazima wawili.

Coming to Birth haiuzwi kwenye rafu za riwaya za Kikristo, lakini inajibu swali lilelile la Redeeming Love: je, mapenzi yaliyovunjika yanaweza kupona? Jibu la vitabu vyote viwili linakaribiana. Yanaweza, ila si kabla ya aliyeumizwa kupata nafasi ya kuwa mtu.

Je, umwache asiyeamini?

Swali jingine linalowasumbua vijana wa kanisa ni la nira: unaweza kudeti mtu asiye wa imani yako? Dee Henderson ameligusa vizuri katika The Negotiator, kitabu cha mwaka 2000 kinachoanzisha mfululizo wa familia ya O'Malley, mayatima saba waliokubaliana kuwa ndugu. Kate, mwanamke anayezungumza na watekaji nyara ili waachilie mateka, hana imani. Dave, mpelelezi wa FBI, anayo. Anampenda, lakini hataki kusonga mbele mpaka jambo hilo litatuliwe, na huku nyuma kuna mtu anayetaka Kate afe.

Kinachofanya kitabu hicho kivutie ni kwamba Kate hana haraka ya kuamini ili ampate mwanamume. Anauliza maswali magumu: Mungu wa haki yuko wapi mtu mbaya anapotoroka? Hilo ni somo kwa barobaro anayebatizwa Jumapili ili akubaliwe Jumatatu. Imani iliyoingia kwa mlango wa uchumba hutoka kwa mlango uo huo uchumba ukivunjika.

Taharuki na adui wa ndani

Wapo wasiopenda mapenzi vitabuni, wanataka moyo udunde tu. Hao wamtafute Ted Dekker, mwana wa wamishonari aliyezaliwa Indonesia. Katika Thr3e, ya 2003, mwanafunzi wa theolojia anapigiwa simu akiwa garini na mtu asiyemjua. Anapewa dakika tatu kuungama dhambi yake, la sivyo gari lilipuke. Dhambi gani? Haambiwi. Sitakuharibia utamu, ila kitabu kinauliza kama uovu unakaa nje yetu au ndani.

Weka Thr3e kando ya This Present Darkness. Kwa Peretti, giza limeuvamia mji kutoka juu. Kinasisimua, na wengi wamejifunza kuomba kwa sababu yake. Lakini msomaji wa haraka anaweza kutoka humo akiona pepo katika kila jambo: kufeli mtihani ni pepo, kukosa kazi ni pepo, mpenzi mkali ana pepo wa hasira. Ukishamtwika pepo lawama yote, aliyekuzaba kofi hana la kujibu. Dekker anarudisha swali kwa mtu mwenyewe, na hapo ndipo maungamo yanapoanza.

Jinsi ya kuchagua

Si kila kitabu chenye msalaba kwenye jalada kinafaa jioni yako. Vingine ni mahubiri yaliyovalishwa nguo ya hadithi. Kabla ya kukimaliza, jiulize haya.

Kwanza, je, mhusika anaruhusiwa kuwa na shaka? Akiomba ukurasa wa 200 na kila kitu kikatatuka ukurasa wa 201, mwandishi anakudanganya. Wewe umeomba kazi mwaka mzima na unajua haiendi hivyo.

Pili, je, mtu mbaya ana sababu, au ni mbaya tu ili mwema ang'ae? Maisha hayana watu wa katuni.

Tatu, msamaha unakuja na nini? Kitabu kizuri hutofautisha kumsamehe mtu na kurudi kuishi naye. Unaweza kusamehe ukiwa umehama.

Nne, mwanamke ana la kufanya, au anangoja tu kuokolewa?

Na usisome peke yako. Kikundi cha vijana kanisani kikichagua riwaya moja kwa mwezi, kikaijadili kwa ukweli, yatazungumzwa mambo ambayo semina ya mahusiano haijawahi kuyafikia. Pesa zikiwa chache, uliza katika maktaba ya umma iliyo karibu, au mchangie nakala mbili mzizungushe.

Zetu ziko wapi?

Hadithi ya imani si ngeni kwetu. Kisa cha John Bunyan kuhusu msafiri wa kwenda mji wa mbinguni, kilichochapishwa Uingereza mnamo 1678, kilitafsiriwa katika lugha takriban 80 za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Ngugi wa Thiong'o katika The River Between, ya 1965, aliwaweka Waiyaki na Nyambura katikati ya kanisa na mila, mapenzi yao yakabanwa pande zote mbili. Naye Euphrase Kezilahabi katika Rosa Mistika, ya 1971, alionyesha binti aliyelelewa kwa ukali na baba mlevi, asifundishwe kamwe jinsi ya kuishi na wavulana, na maafa yaliyofuata.

Kinachokosekana ni riwaya nyingi za Kiswahili za leo: kijana wa Kayole aliyeokoka na mwenye deni la mkopo wa simu, mwanakwaya wa Kisauni anayempenda Mwislamu, binti wa mchungaji mwenye siri. Visa hivyo tunavyo kila wiki. Vinasubiri kijana mwenye daftari.

Kwa sasa, soma vilivyopo. Ogopa, cheka, lia na Angel, kosa usingizi na Dekker. Ila kama kuna anayekupiga au kukutishia, usingoje sura ya mwisho. Ondoka uwe salama, mwambie unayemwamini, piga 1195, nambari ya bure ya kusaidia waathiriwa wa dhuluma za kijinsia. Maombi yatakufuata huko ulikokimbilia, na kitabu utakimalizia huko.