Mlinzi wa Nguva na Jeshi la Fukusi

Ndugu askari na polisi, sisi tuliofunzwa kupigana humtambua adui kwa silaha yake na kwa njia anayopitia. Leo tunawaletea habari za raia mmoja wa Kameruni aliyejiandaa kumkabili adui fulani, akakutana na mwingine kabisa.

Raia huyo ni Dakta Aristide Takoukam Kamla, mtaalamu wa elimu ya viumbe, na kazi yake ni kumhifadhi nguva wa Afrika Magharibi. Wenzetu waliowahi kufika Lamu au mdomo wa mto Rufiji wamesikia juu ya nguva wa baharini. Huyu ni wa ukoo huo, ila yeye hukaa katika mito, maziwa na mwambao, tangu Senegali hadi Angola, na mkia wake ni wa mviringo mfano wa kafi. Ni mnyama mpole mwenye kilo mia kadhaa. Sheria ya Kameruni inamlinda. Hata hivyo nyama yake haikosi wanunuzi, na wavuvi humlaumu kwa kuchana nyavu zao.

Kituo chake ni Ziwa Ossa, karibu na mji wa Dizangué. Maji yake si maangavu kama yale ya Florida, ambako mtu huogelea na nguva akimwona mwili mzima. Hapa huonekana matundu mawili ya pua yakivuta pumzi, kisha maji hutulia. Anayejua pa kutazama ni mvuvi. Basi msomi akawa mwanafunzi wa wavuvi, na shirika la AMMCO, alilolianzisha mwaka 2012, likatengeneza programu ya simu iitwayo SIREN, ili mvuvi atoe taarifa ya mnyama aliyemwona au aliyenaswa. Kila aliyewahi kufanya doria anajua kwamba mwananchi asiyekuamini hakuambii alichokiona.

Kamla alipata shahada yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Florida mwaka 2019. Wakati huo adui wa pili alikwisha kuingia ziwani. Hakuwa jangili mwenye chusa, bali gugu liitwalo salvinia, lenye asili ya Brazili, lielealo juu ya maji na kuongezeka maradufu kwa siku chache. Kufikia mwaka 2021 lilikuwa limefunika karibu nusu ya ziwa. Chini yake mwanga haupiti, na majani anayokula nguva hufa. Mitumbwi ilikwama, na mvuvi akakosa samaki wa kuuza. Kuling'oa kwa mikono ni kazi isiyo na mwisho, kwa kuwa kipande kidogo kinachobaki huota upya.

Silaha aliyoichagua ni mdudu wa jamii ya fukusi, mwenye urefu wa milimita mbili hivi, ambaye chakula chake ni salvinia tu. Fukusi hao waliletwa kutoka Louisiana, Marekani, wakazalishwa katika mabwawa madogo kando ya ziwa, kisha wakaachiliwa juu ya gugu. Asiyejua angedhani ni mzaha. Lakini sisi wa Uganda hatuna haki ya kucheka, maana miaka ya 1990 fukusi wa aina nyingine walitumwa kulishambulia gugu-maji katika Ziwa Victoria.

Vita hivi havina mlio. Fukusi hula machipukizi, na viwavi wao hutoboa shina, mpaka gugu linageuka kahawia na kuzama. Kamanda wa jeshi la namna hii hana amri ya kulihimiza. Huzalisha, huachilia, hungoja. Sehemu kubwa ya maji ya Ossa ikawa wazi tena, na mitumbwi ikapita.

Mwaka 2024 Kamla alikabidhiwa Tuzo ya Whitley mjini London, pamoja na paundi 50,000 za kuendeleza kazi hiyo. Salvinia haikuisha yote. Maji yenye rutuba nyingi bado huilisha, na jangili wa zamani naye hajaondoka.