Nusu Dola ya Dhahabu na Rai za Wakusanyaji Sarafu

Serikali ya Marekani ilipotangaza, mwaka 2014, kwamba itaadhimisha miaka 50 ya nusu dola yenye sura ya Rais John F. Kennedy kwa kuipiga upya sarafu hiyo katika dhahabu safi ya karati 24, wakusanyaji sarafu wa nchi ile waligawanyika pande mbili kabla hata kipande kimoja hakijauzwa.

Waliokataa walikuwa na hoja nzito. Nusu dola ya Kennedy ya mwaka 1964 ilikuwa ya fedha, sehemu tisa kwa kumi, na raia waliojipanga kwenye milango ya benki kuipata, ilhali majonzi ya kuuawa kwa Rais hayajawatoka, walitaka ukumbusho wala si hazina. Tena wakati ule sheria ingali ikiwakataza Wamarekani kuweka dhahabu ya akiba, isipokuwa sarafu za kale za wakusanyaji, marufuku iliyodumu hata mwisho wa mwaka 1974. Basi kuichapa dhahabu tarehe ya 1964, walisema, ni kuisingizia historia.

Walioipokea waliitazama kazi yenyewe. Sura aliyoichonga Gilroy Roberts ilikuwa imefifia kwa jinsi kalibu zilivyorekebishwa mwaka baada ya mwaka, na sasa kiwanda cha sarafu cha serikali kikarejea mchongo wa asili na kuurudishia mwinuko wake wa kwanza, huku muhuri wa urais alioutengeneza Frank Gasparro ukibaki upande wa pili. Upana ni ule ule wa milimita 30.6, lakini mtu akiziweka zote mbili kiganjani, ya fedha ina gramu 12.5 na ya dhahabu inakaribia gramu 23.3, na tofauti hiyo mkono huitambua kabla ya jicho. Nami naona hawa ndio waliosema kweli, kwa kuwa sarafu ya ukumbusho haidai kuwa ndiyo ile ya kale. Yadai kuikumbusha tu, na hilo imelitimiza kwa adabu.

Kwa upande wa tijara, hesabu ilikuwa wazi. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 1,240, na dhahabu siku hizo ikiuzwa karibu dola 1,290 kwa wakia. Kwa kuwa sarafu ina robo tatu ya wakia, mnunuzi alilipa takriban dola 270 juu ya thamani ya madini. Kilichowaudhi wengi zaidi ni kwamba serikali haikuweka kikomo cha idadi, kwani bidhaa isiyo adimu, walihofu, haitapanda bei. Hofu hiyo ni ya mfanyabiashara zaidi kuliko ya mkusanyaji: maadamu kila aitakaye ataipata, mlanguzi hana mlango wa kusimama.

Hata hivyo mlango ulipatikana. Tarehe 5 Agosti mauzo yalipofunguliwa, pamoja na njia ya simu na intaneti, palikuwa na meza katika maonyesho ya sarafu huko Rosemont, jirani na Chicago, ambako vipande 500 tu viliuzwa kwa siku. Madalali wakawalipa watu, baadhi yao wasio na habari yoyote ya sarafu, wawasimamie foleni usiku kucha; kisha vipande vilivyopatikana vikapelekwa kwa wathamini, vikafungwa katika vikasha vya plastiki vyenye kibandiko cha kushuhudia kwamba vilinunuliwa siku ya kwanza na mahali pale, na kwa kibandiko hicho vikadaiwa maelfu ya dola. Dhahabu ni ile ile, kalibu ni zile zile. Uhaba ulikuwa wa karatasi. Msongamano ukazidi hata, tarehe 7 Agosti, serikali ikasimamisha uuzaji wa ana kwa ana kwa kuhofia usalama wa watu, na maagizo ya simu na intaneti yakaendelea.

Kiwanda kilikuwa kikipanga bei yake kwa kufuata soko la dhahabu, na dhahabu ilipoteremka mwezi wa Septemba, sarafu nayo ikateremka. Aliyengoja nyumbani akaagiza kwa simu aliipata kwa bei nafuu kuliko ile iliyolipwa mezani Rosemont.