Kabla Hujalipa Ada, Uliza Fildi Iko Wapi

Kijana wa Singida aliyemaliza kidato cha nne na anayetaka kazi ya umeme, elektroniki au kompyuta ana njia nne: chuo cha ufundi stadi cha VETA, chuo binafsi cha kompyuta hapo mjini, Dodoma kwa stashahada au shahada, au kushika bisibisi kwa fundi. Wazazi wengi huzilinganisha kwa ada. Mimi nakushauri ulinganishe kwa kitu kingine: ni siku ngapi mtoto atakaa kwa mwajiri anayeifanya kazi yenyewe, na nani atazilipia siku hizo. Cheti bila siku hizo hakimsaidii sana, maana swali la kwanza la mwajiri ni "umefanya wapi?"

Tuanze na VETA. Kwa kozi ndefu, ada ambayo vyuo vyake vimekuwa vikitoza ni shilingi 60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Ni vigumu kupata chuo binafsi kinachoikaribia bei hiyo. Lakini soma maelekezo ya kujiunga hadi ukurasa wa mwisho. Humo ndimo yamo sare, viatu vya usalama, vifaa vya karakana, michango, picha na uchunguzi wa afya. Vijumlishe kabla hujasema umepata chuo cha bei nafuu.

Gharama inayowashtua watu zaidi ni fildi yenyewe, yaani hizo siku za kwa mwajiri. Piga hesabu hii. Tuseme kijana anakaa pembeni ya mji na karakana iko upande wa pili. Bodaboda ni 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 8. Hiyo ni 80,000. Chakula cha mchana cha 2,000 kwa siku hizo 40 ni 80,000 nyingine. Jumla 160,000, wakati ada ya kutwa ya mwaka mzima ilikuwa 60,000. Hapo hujagusa bando la kuandikia ripoti. Familia nyingi huwa hazijaitenga fedha hii, kijana anaanza kuhudhuria siku mbili kwa wiki, na mwajiri anamwona mvivu kumbe amekosa nauli.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa chochote, nenda chuoni uulize: mnawatafutia wanafunzi nafasi, au mnawapa barua wakazunguke nayo? Omba majina ya sehemu zilizopokea wanafunzi mwaka uliopita. Kisha nenda kwenye mojawapo uulize kama walishika kazi au walikuwa wanatumwa chai. Chuo kinachowafahamu waajiri wake kitakujibu papo hapo.

Ujerumani mambo huenda kinyume na tulivyozoea. Mwanagenzi husaini mkataba na mwajiri kwanza, ndipo shule inafuata, naye hupewa posho tangu anapoanza. VETA imewahi kuendesha mafunzo ya namna hiyo Dar es Salaam, Arusha na Moshi kwa ushirikiano na Wajerumani. Singida unaweza kuiga sehemu ya utaratibu huo bila kumsubiri mtu: mtafute mwajiri kwanza, upate japo ahadi yake ya maandishi kwamba atampokea kijana, halafu uchague kozi inayolingana na kazi yake.

Na waajiri wapo, ila si wale wanaofikiriwa kwanza. Mkoa huu ni njia panda ya umeme. Laini kubwa ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma hadi Shinyanga inapita hapa, na ile inayokwenda Arusha, Namanga hadi Kenya inaanzia hapa. Kuna viwanda vya kukamua alizeti vyenye mota, paneli za umeme na mizani za kielektroniki. Reli ya kisasa kati ya Makutupora na Tabora inapita wilaya ya Manyoni. Iramba, Mkalama na Ikungi kuna sola za kufunga na simu za kutengeneza. Hospitali, benki na halmashauri zina kompyuta, printa na mitandao inayohitaji mtu wa kuihudumia kila wiki.

Ndiyo maana nasema bila kusita: kwa mwenye fedha kidogo hapa Singida, umeme au elektroniki ina soko la karibu kuliko kozi ya "kompyuta" isiyosema itakufundisha nini hasa. Ukilenga viwanda vya alizeti, omba fildi iangukie msimu wa mavuno, katikati ya mwaka, mashine zinapofanya kazi na kuharibika. Nje ya msimu utafagia.

Kozi za kompyuta za miezi mitatu katika vyuo binafsi zinauzwa kwa bei inayoonekana ndogo. Kisha zinakuja fomu, kitambulisho, mtihani, cheti na mahafali, kila kimoja na bei yake. Dai bei yote kwa maandishi. Hakiki kama chuo kimesajiliwa na NACTVET, chombo kinachosimamia sasa elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi. Ingia darasani uhesabu kompyuta zinazowaka, ugawanye kwa idadi ya wanafunzi. Kozi hizi zinafaa kama nyongeza kwa mtu mwenye ujuzi mwingine, kwa mfano fundi umeme anayetaka kuandika ankara na kuchora michoro yake. Kwa anayetafuta ajira ya kwanza, sizishauri kabisa.

Njia ya Dodoma ni nzuri na ndefu. Mjini Singida kuna kampasi ya TIA, inayojulikana zaidi kwa uhasibu na ugavi. Anayetaka shahada ya kompyuta huangalia Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007. Kwa kiwango cha Desemba 2023 cha LATRA, mdhibiti wa usafiri wa nchi kavu, basi la kawaida ni shilingi 48.47 kwa kilomita, hivyo kilomita 240 hivi za Singida hadi Dodoma ni kama 11,600. Safari 4 za kwenda na kurudi kwa mwaka zinakaribia 93,000. Hiyo inavumilika. Kinachoumiza ni chumba na chakula, na fildi ikipangwa Dar es Salaam unakuwa umehamia mji wa tatu.

Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, unasaidia, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 umewafikia pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Kumbuka tu kwamba mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe. Ukienda Dodoma, omba fildi Singida ulale nyumbani. Kompyuta mpakato ya mtumba yenye betri nzima inatosha kwa kuanzia. Iwashe dukani kwa saa nzima kabla ya kulipa, na udai dhamana ya maandishi.

Fundi wa mtaani ndiye rahisi kuliko wote, na kwa saa za kazi halisi anavishinda vyuo vingi. Tatizo ni karatasi. Bila cheti utaishia kuitwa kishoka, na kufunga umeme majumbani kunahitaji leseni ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Dawa ipo: VETA ina utaratibu wa urasimishaji ujuzi, ambapo mtu aliyejifunza kazini hupimwa na kupewa cheti. Mpango wangu kwa mwenye haraka ni huu: andikianeni na fundi, muda na posho vikiwemo hata kama posho ni nauli tu, fanya kazi, weka picha na kumbukumbu za kila kazi, kisha nenda ukapimwe.

Sasa kuhusu wanaouza nafasi. Mtu akikwambia toa fedha kidogo akuingize fildi au kwenye ajira, ondoka. TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, huandikisha watafuta kazi bure na huwaunganisha wahitimu na nafasi za mafunzo ya uzoefu kazini. Serikali pia hutangaza nafasi za uanagenzi inazolipia ada. Fuatilia matangazo ofisi ya kata na halmashauri. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo Julai 2023 iliwekwa kuwa asilimia 3.5 ya mishahara. Nchi tayari inamchangisha kwa ajili ya mafunzo. Hana sababu ya kukuchangisha wewe mara ya pili.

Aliyehitimu na hana vifaa asikimbilie mikopo ya simu yenye riba kali. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na sehemu ya asilimia 4 ni ya vijana walio katika vikundi. Inachukua muda kupatikana, hivyo anzeni kusajili kikundi mkiwa bado chuoni.

Kama una chini ya 300,000 mkononi na lazima uamue mwezi huu, chukua VETA ya kutwa, fani ya umeme au elektroniki, na uiweke kando 160,000 ya fildi kabla hujanunua sare. Wiki hii mpeleke kijana kwenye karakana mbili na kiwanda kimoja, akiwa na nakala ya matokeo yake, aulize nani atampokea na lini.